Feri, Kwa Feri na Ferini: Vijineno Vidogo Vinavyowashinda Watoto

Kiswahili kina maneno makubwa ambayo mtu huona fahari kuyajua, na kina vijineno vidogo ambavyo hakuna avioneaye fahari wala kuvifikiri. Mtoto akija nyumbani na neno kubwa alilofundishwa shuleni, wazazi humsifu. Lakini akitamka "kwa" mahali pasipo pake, hapana amsikiaye, kwa sababu wazazi wenyewe husema vivyo hivyo. Hata hivyo, ni katika vijineno hivi, viitwavyo vihusishi na walimu wa sarufi, ndimo maana ya sentensi nzima hugeuka. "Kwa" ni tamko moja tu. "-Ni", ile ya mwisho wa jina, haiwezi hata kusimama peke yake. Na ndizo zinazowashinda watoto kuliko maneno ya silabi sita.

Hapana mahali panapolionyesha jambo hili waziwazi kama pale Feri, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, barabara inapoteremka na kuishia majini. Tangu mwaka 1937 vyombo vya feri vimekuwa vikivusha watu na magari baina ya kisiwa na Likoni. Wapita kwa miguu huvuka bure, na kila asubuhi umati hushuka mteremko ule: makarani, wafanya kazi wa bandari, wachuuzi wenye vikapu, mafundi, na watoto wa shule wenye mikoba migongoni. Kutoka kila upande wa mji makanga wa matatu huita, "Feri! Feri!" Neno lenyewe ni geni, limetoka katika Kiingereza, lakini limekwisha kuwa mwenyeji, tena limepata makazi matatu mbalimbali.

Mtu akisema, "Nakwenda Feri," ametaja mahali. Feri hapo ni jina la mtaa, kama Majengo au Makadara, na majina ya miji na mitaa hayahitaji kijineno chochote mbele wala nyuma. Akisema, "Nakwenda kwa feri," ametaja chombo kimchukuacho. Huenda anakwenda Diani, au Ukunda, au kumzika jamaa Msambweni, hajasema bado. Na akisema, "Nimo ferini," yumo ndani ya chombo, maji yako chini yake. Neno moja, makazi matatu, na kinachoyatenganisha ni vijineno ambavyo mtoto hudhani ni pambo tu.

Msomaji aweza kuuliza, yadhuru nini mtoto akivichanganya? Chukua mfano wa mama wa Likoni ambaye nduguye yuaja jioni kutoka mjini, naye amwambia mwanawe wa miaka tisa, "Mwanangu, mngoje mjombako Feri, kisha mvuke pamoja." Mtoto ajuaye lugha husimama penye kituo cha matatu. Lakini mtoto aliyezoea kuambiwa "ngoja kwa feri" hana tofauti kati ya pa kungojea na chombo chenyewe. Huingia chomboni, akasimama karibu na lango, akachukuliwa mpaka ng'ambo na kurudishwa, huku mjomba akizunguka kituoni akimtafuta na giza likiingia. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka karibu na Mtongwe, kivuko kilicho jirani, na watu 272 wakafa. Hapana asemaye kwamba sarufi ingaliwaokoa watu wale. Lakini mahali penye kumbukumbu kama hiyo, mzazi amwambiapo mtoto asimame wapi, hana budi aeleweke mara ya kwanza.

Sasa, kosa hili latoka wapi? Wako wenyeji wa Mji wa Kale ambao jibu lao li tayari: husema ni Kiswahili cha bara. Ni kweli kwamba katika miji ya bara husikika "kitabu kiko kwa meza", "naenda kwa duka", "ameingia kwa nyumba". Lakini asemaye kwamba kosa hili limetoka katika lugha za makabila ya bara amehukumu upesi mno. Kikuyu na Kikamba zina tamko la mahali liwekwalo mwisho wa jina, lifananalo sana na "-ni" ya Kiswahili. Kiluhya huweka viambishi vya mahali mbele ya jina, navyo ni ndugu wa damu wa "pa", "ku" na "mu". Wadigo na Wagiriama, majirani wa Mombasa, husema "mudzini" kama Mswahili asemavyo "mjini". Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu, ndicho hasa kitangulizacho kijineno mbele ya jina. Basi wengi wa watoto waliohamia Likoni na wazazi wao kutoka bara wamezaliwa katika lugha zenye utaratibu kama huu, ila hawakuonyeshwa kwamba ni ule ule.

Sababu iliyo karibu zaidi na kweli ni kwamba watu wa makabila mengi wakutanapo mjini kutafuta kazi, lugha hupunguziwa mizigo. Ngeli hupungua, na kijineno kimoja hubebeshwa kazi ya vitatu. "Kwa" ndiyo iliyobebeshwa. Kisha Kiingereza cha shuleni kikaongeza lake: mtoto hufikiri kwamba kila kijineno cha Kiingereza lazima kipate mwenzake wa Kiswahili, na "kwa" i karibu. Kosa hili hata watoto wa Mvita wenyewe wanalo siku hizi, ingawa bibi zao wakilisikia hukunja uso.

Yafaa kukumbuka pia kwamba jambo hili si ugomvi baina ya Kimvita na Kiswahili sanifu. Ni kweli kwamba mkutano wa mwaka 1928, uliochagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki, ulifanywa Mombasa kwenyewe, na wapenzi wa Kimvita hawakufurahi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilifuata uamuzi ule. Lakini katika "-ni" na "kwa" lahaja hizi mbili hazina ugomvi. Mtu wa Ndia Kuu na mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja wote wawili huweka kitabu mezani.

Mwalimu mmoja wa kike, afundishaye darasa la tatu upande wa Likoni, ameacha kabisa kuanza na kanuni. Huchora kwa chaki sakafuni: hapa kisiwa, hapa maji, hapa Likoni. Kifuniko cha kopo ndicho chombo, na punje za mahindi ndizo abiria. Huziweka punje tatu juu ya kifuniko na kuuliza, "Watu wako wapi?"

"Wamo ferini, Mwalimu."

Huziondoa na kuziweka ukingoni, pale barabara inapoishia. "Na sasa?"

Siku moja mtoto wa kiume aliyekaa nyuma alijibu, "Wako kwa feri, Mwalimu."

"Kwa feri?" akauliza. "Kwani feri ni shangazi yako, hata mtu awe kwake?"

Darasa zima likacheka, na mvulana mwenyewe akacheka. Lakini katika mzaha ule mwalimu alikuwa ametia kanuni nzima ambayo vitabu huieleza kwa ukurasa mmoja. Mtu hapachikwi "-ni". Hapana asemaye "nakwenda shangazini" wala "nimetoka mwalimuni". Kwa mtu husemwa "kwa": kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa fundi, kwa Chifu. Mahali pa kitu pana "-ni", mahali pa mtu pana "kwa". Ndiyo sababu ipo mitaa iliyoitwa kwa watu, kama Kwa Jomvu, na ndiyo sababu husemwa kwetu, kwenu na kwao. Mtoto akilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo huwapiga chenga hata makarani. Jina likishatiwa "-ni" huacha ngeli yake ya zamani na kuingia katika ngeli ya mahali. "Shule" ni "yetu", lakini "shuleni" ni "kwetu". Mtoto aandikaye "shuleni yetu" au "nyumbani yangu" amelivika jina nguo mpya, kisha akaliacha na viatu vya zamani. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wa Kenya waliandika insha ya Kiswahili, na "shuleni yetu" lilikuwa mojawapo ya makosa ambayo kila mwalimu wa lugha analijua kama ajuavyo sura ya jirani yake. Mtihani ule umeondoka. Kosa halikuondoka nao.

Tena ngeli ya mahali si moja, bali ni tatu, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. "Pa" ni mahali palipo wazi na karibu, paonekanapo au pajulikanapo kwa mipaka yake. "Ku" ni upande, mahali pa jumla, pasipo mpaka. "Mu" ni ndani. Mtu asimamaye juu ya mteremko akitazama chini aweza kusema, "Feri pamejaa," maana yake kituo kimejaa. Aliye mbali, mjini, amepigiwa simu tu, husema, "Feri kumejaa." Na yule ambaye mguu mmoja u chomboni na mwingine u nje husema, "Ferini mmejaa," naye hurudisha mguu wake nyuma. Mwalimu yule wa Likoni hawafundishi watoto majina ya ngeli hizi. Huwapa kasha la viberiti na kijiwe. Kijiwe kimo kashani. Kijiwe kipo mezani. Kijiwe kiko nje, kimetupwa dirishani, nendeni mkakitafute. Watoto hutoka mbio, na wakirudi wamekwisha jua tofauti ya "-mo", "-po" na "-ko" pasipo kuandika neno hata moja.

Na "katika"? Neno hili ni jema, ila limepewa sifa lisizostahili, kwa kuwa lasikika kama la kitabuni. Kazi yake huonekana hasa pale jina linapofuatwa na sifa. "Nyumbani" inatosha peke yake. "Nyumbani kwangu" ni sawa. Lakini mtu akitaka kusema kwamba nyumba yenyewe ni kubwa na ya kale, "-ni" humwelemea, na hapo husema "katika nyumba kubwa ya kale". Lakini ukishaliweka "katika", "-ni" haina kazi tena. "Katika nyumbani" ni sawa na mtu aliyevaa kofia mbili. Kosa hili ni la wale wanaotaka kusema vizuri kupita kiasi, na kwa hiyo hupatikana zaidi katika barua za maombi ya kazi kuliko sokoni.

Tuache mahali, turudi kwa "kwa" yenyewe, maana isidhaniwe kwamba ni adui. Ina kazi zake halali, tena nyingi. Baba huvuka kwa feri, au hupita njia ndefu ya kuzunguka kwa gari. Amesimama kwa subira. Amechelewa kwa sababu ya foleni. Amelipia gari lake kwa fedha taslimu. Watu wameshuka mia kwa mia. Ametumwa kwa daktari. Katika sentensi hizi zote hapana awezaye kuindoa "kwa" akaweka neno jingine bila kuharibu. Mtoto yafaa azisikie nyingi kwanza, zikiwa sahihi, kabla ya kuonyeshwa zilizo na makosa. Na hapa walimu wengine hukosea, kwa kujaza daftari wino mwekundu wakati masikio ya mtoto bado ni matupu.

Kuna kazi moja ya "kwa" ambayo yafaa kuchunguzwa zaidi, nayo ni ile inayoitenga na "na". Baharia amekata kamba. Ukiigeuza sentensi, kamba imekatwa na baharia kwa kisu. Atendaye ana "na". Chombo cha kutendea kina "kwa". Mtoto aandikaye "kamba imekatwa kwa baharia" amemfanya baharia kuwa kisu. Na aandikaye "mgonjwa ametibiwa kwa daktari" hakukosea moja kwa moja, lakini amesema jambo jingine: ametaja nyumba au chumba alikotibiwa, hakusema ni nani aliyemtibu. Mambo kama haya huonekana madogo mpaka siku yanapoandikwa katika karatasi ya polisi au ya mahakama.

Wakulima nao wana hatari yao. Mtu akiandika, "Nimenunua ng'ombe kwa ndugu yangu," kwa Kiswahili chake sahihi amesema kwamba ndugu ndiye aliyeuza na fedha amezipata yeye. Lakini wako wengi wenye kukusudia kwamba walinunua ng'ombe ili wampe ndugu. Ikiwa hiyo ndiyo maana, Kiswahili hakihitaji "kwa" hata kidogo, kitendo chenyewe hubeba mzigo: "Nimemnunulia ndugu yangu ng'ombe." Ile "-lia" mwishoni mwa neno imefanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kijineno cha pembeni. Vivyo hivyo nimemwandikia, nimempelekea, nimemlimia, nimemshonea. Baina ya "nimenunua kwa" na "nimemnunulia" kuna ng'ombe mzima, na baba akifariki kabla ya kueleza, kuna wana wawili wa baba mmoja mbele ya wazee.

Mwisho kuna zile sentensi zisizotaka kitu chochote, na hizi ndizo ngumu kuzifundisha, kwa kuwa mtoto huona pengo na mkono wake hutaka kuliziba. "Feri iliondoka saa mbili," si "katika saa mbili". "Tutaonana Jumatatu," basi. "Natoka Likoni", "nafika Mombasa", "napitia Ganjoni": kitendo kimekwisha eleza mwendo, na jina la mji limekwisha eleza mahali. Ila kwa mtu tu ndipo "kutoka" hupata mwenzake: barua kutoka Likoni, lakini barua kutoka kwa baba. Tena yako maneno mageni yaliyoikataa "-ni" bila sababu ijulikanayo na kanuni. Watu wa Mombasa huenda posta na huenda benki. Hapana aendaye postani. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu la haki ni kwamba ndivyo wenye lugha wasemavyo.

Wazazi waweza kusaidia bila kitabu. Jioni, kazi zikiendelea, mtoto huulizwa: Kisu ki wapi? Ki jikoni. Babako yuko wapi? Yuko kazini. Dadako? Yuko kwa bibi. Maji je? Yamo mtungini. Maswali manne kila siku, mzazi mwenyewe akijilinda asiseme "kwa jikoni", yatafanya kazi ambayo daftari halifanyi.

Mwalimu wa Likoni alimaliza muhula kwa zoezi moja. Aliwaambia watoto wakusanye maneno yenye "-ni" ya mahali, ama katika majina ya mitaa ama nyumbani kwao, na kila mmoja aeleze jina lililomo ndani yake. Walianza na mtaa wao wenyewe: liko, ambalo wengine hulitamka diko, ni mahali vyombo vishushapo watu ufuoni, na Likoni ni pale palipo liko. Jina hilo lilikuwapo kabla ya feri ya kwanza, na maana yake haijapitwa na wakati. Walileta Kilindini, kwa kuwa kilindi ni maji yenye kina, na meli kubwa huingia humo mpaka leo. Walileta Bondeni, na Ganjoni, ambapo ganjo ni mahali palipohamwa pakabaki dalili za wenyeji wa zamani. Mmoja mwenye jamaa Kwale alileta Shimoni. Msichana mmoja alileta pwani, nao wakalifikiri neno hilo kwa muda mrefu, kwa maana hakuna kati yao aliyepata kusikia "pwa" likisimama peke yake, hata mwalimu alipowakumbusha kwamba maji hujaa na maji hupwa.

Mvulana yule wa shangazi naye alileta orodha ndefu kuliko wote. Ilikuwa na sokoni, mlangoni, kitandani, mkobani, na chini kabisa aliandika sahani. Mwalimu hakulikata neno hilo kwa wino. Aliuliza tu, "Na 'saha' ni kitu gani?" Mtoto akalitazama, akalitamka polepole mara mbili, kisha akaomba kifutio.